Nani Atashika Kamba Yako?

Bwisya, Ukara

Kwako mwanangu,

Marahaba ya ile shikamoo uliyoniachia kwenye simu. Sisi hapa hatujambo. Mama yako anaendelea na vidonge vyake vya presha, ng'ombe wazima, hofu ni kwako uliye mbali. Naandika leo kwa sababu mwezi umepevuka. Usiku umekuwa mweupe, dagaa hawafuati taa, mitumbwi yote iko nchi kavu na vijana wanashona nyavu na kubishania mpira. Nimeona nikae nikuandikie, maana kwenye simu nikianza kusema wewe unacheka, halafu unaniambia "baba, salio linaisha", na hali aliyepiga ni mimi.

Dhumuni la barua hii ni lile uliloniambia Jumapili, kwamba umejiandikisha kwa wazamiaji wa Zimamoto.

Umelitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Ulianza na gwaride la kumaliza mafunzo hapo chuoni kwenu Chogo, ukaja kwenye buti zinazokubana, ukalichomeka hilo katikati, ukarudi kwenye buti. Mimi nilibaki nimeshika simu. Mama yako bado hajui. Nimemwambia umepangiwa magari ya kuzima moto, na wewe ukipiga sema hivyo hivyo mpaka nipate namna ya kumweleza. Usije ukaniumbua.

Hukuniuliza. Nilidhani mtoto akitaka kufanya jambo kama hilo humuuliza mzazi hata kwa adabu tu, jibu akishakuwa nalo. Basi na mimi nakuuliza kwa adabu, na jibu nalitaka kwa maandishi: ukiwa chini ya maji, nani atashika kamba yako juu?

Usiniandikie "kikosi". Kikosi ni jina la kwenye karatasi. Nataka jina la mtu, anatoka wapi, amezaliwa karibu na maji au amekuja kuyaona ukubwani, na kama ni mtu wa kusinzia.

Utasema baba amezeeka anaanza kuogopa. Sikiliza kwanza. Wiki iliyopita nilivuka kwenda upande wa bara kufuata mbao za mtumbwi. Pale nilipofikia kulikuwa na watu wanachimba kisima. Kilikuwa kimeshapita mita 10, maji yamechanganyika na tope, wanataka kuyatoa wapate kuendelea. Pampu zile ndogo za petroli unazijua, maji yakiwa chini yake zaidi ya mita 7 hivi zinanguruma tu, hazivuti. Basi wakaifunga kamba wakaishusha mpaka ndani, wakaiwasha huko huko chini. Moshi wake utatokea wapi? Injini ikazima. Kijana mmoja akateremka kuangalia kulikoni. Alifika chini, akaegemea ukuta kama mtu aliyechoka, akakaa. Hakupiga hata yowe. Ndugu yake akachungulia, akaona mwenzake amelala, akateremka mbio. Naye akalala. Jirani akasema hawa wamezidiwa na joto, ngoja niwatoe. Wa nne walimzuia wanawake, walimshika shati mpaka likachanika mgongoni, na ndilo lililomponya.

Wazee tulikuwa tunafundishana kushusha mshumaa kisimani, ukizimika mtu asishuke. Siku ile nimeambiwa na daktari kwamba kwa moshi wa injini mshumaa haukusaidii, unaweza kuwaka vizuri na mtu akafa pembeni yake. Ile hewa haina harufu wala rangi. Ninyi mtakuwa na vipimo vyake. Tafadhali mtumie.

Wenzako wa Zimamoto walipofika, nilisogea karibu kabisa, kwa ajili yako. Askari aliyepangiwa kushuka alikuwa kijana mwembamba, mrefu. Akavaa mkanda wa kifuani, akavuta kila kifungo mara mbili. Akavaa mtungi mgongoni, akaweka barakoa usoni, akaipima kwa kiganja kama inavuja. Wenzake watatu wakashika kamba, mmoja akaizungusha kwenye chuma cha gari. Watu wakaanza kumzomea. "Unajipamba? Watu wanakufa humo!" Mama mmoja akamtupia udongo. Yule kijana hakugeuza shingo, akamalizia kifungo cha mwisho, akainua kidole, wakamshusha. Nilitaka nikamuulize ni mtoto wa nani.

Wale watatu aliowatoa kisimani walikuwa wameshakufa. Lakini yeye alitoka, na jioni ile atakuwa alikula kwake.

Kwa hiyo watakuzomea. Hilo sidhani kama wanawafundisha darasani, nakufundisha mimi. Siku utakayoitwa mahali watu watakuwa wanalia, wanakusukuma, wanakuita mzembe, na wewe moyo wako najua ulivyo, huwezi kumsikia mtu analia ukakaa. Tangu ukiwa mdogo ulikuwa hivyo. Ile habari ya mbuzi wa mzee Mafuru siirudii, wote tunaijua ilivyoisha. Mtu wa moyo huo ndiye anayeruka kabla kamba haijafungwa.

Habari ya kupinduka kwa MV Nyerere pia sikuhadithii. Ulikuwa darasa la sita, na 20 Septemba 2018 ilikuwa Alhamisi ya gulio Bugolora, hakuna mtoto wa hapa asiyeijua. Kivuko cha kubeba watu 101, na tulizika 228. Naandika tu yale usiyoyaona kwa sababu nilikufukuza urudi nyumbani. Mimi na Mafuru tulikuwa wa mwanzo mwanzo kufika pale na mtumbwi. Watu majini wanakimbilia ubavu wa mtumbwi, wote ubavu mmoja, na mtumbwi ukishikwa ubavu mmoja na watu sita unapinduka, basi hapo mmezama wote. Inabidi uwapandishie nyuma, kwenye tezi, mmoja mmoja. Wengine walisikia nilipowaambia washike nyuma. Wengine hawakusikia. Mikono mingine niliibandua ubavuni kwa nguvu. Hayo tuyaache.

Ninachotaka ukijue ni kwamba niliingia majini, nikatoka, nikaingia tena, na kiunoni nilikuwa nimefungwa kamba ya nanga na mwisho wake ulikuwa kwa Mafuru. Ananivuta nikiwa nimechoka, hata nikimtukana kwamba bado. Mimi nilikuwa nataka kubaki. Yeye aliyekuwa juu ndiye aliyekuwa na akili. Waliookolewa wote siku zile walikuwa 41, na mpaka leo mmoja wao akipita hapa kwenda Bugolora ananunulia Mafuru soda, mimi ananisalimia tu.

Usiku uokoaji ulisimamishwa mpaka asubuhi. Watu wengi walikasirika, na mimi nilikasirika, nilitupa kasia chini. Siku hizi nikifikiri, gizani, bila taa za maana, kila mtu akiruka kivyake, sijui tungeopoa wangapi wa ziada asubuhi yake.

Tangu hapo redio naisikiliza kwa namna yangu. Mtangazaji akisema "wameokolewa", naendelea kula. Akisema "wameopolewa", naweka kijiko chini, maana siku hizi ukisikia hivyo ujue ni miili. Sisi wavuvi tulikuwa tunaopoa kila kitu, nanga, ndoo, kasia, mtoto aliyeteleza kwenye mawe, na mtoto anapigwa makofi mawili ya mgongo anakwenda zake kucheza. Sasa neno limehamia msibani. Jumapili ile ya 6 Novemba 2022 ndege ilipoangukia ziwani pale Bukoba nilikaa na redio sikioni tangu asubuhi nikiwahesabia, okolewa, opolewa. Walikuwemo watu 43. Mwishoni ikawa 24 na 19, na marubani wote wawili wakawa katika wale 19.

Mnamtaja sana yule Majaliwa Jackson huko kwenu, najua, maana serikali ilimpa milioni moja na nafasi katika jeshi hilo hilo lako. Anastahili. Mvuvi wa dagaa mwenye kasia la mbao, akafungua mlango wa nyuma wa ndege, watu wakatoka. Hiyo sehemu mnaipenda. Sehemu ninayoitaka mimi ni ile ya baadaye, alipozunguka mbele kwa marubani, kamba ikafungwa mlango uvutwe, kamba ikakatika ikampiga usoni, akazimia, akazinduka yuko hospitali. Alikuwa na bahati kwamba kulikuwa na watu. Kwa hiyo hata kamba yenyewe uiangalie. Usikubali kamba ya mtu aliyoiokota kwenye gari. Ipitishe mkononi yote, urefu wake wote, penye ugumu au manyoya ukatae. Nailoni iliyokaa juani inaonekana nzima na ndani imekwisha.

Kuogelea najua unajua. Kaka zako niliwafundisha mimi, wewe ulijifunza mwenyewe kule nyuma ya mawe na wasichana wenzako, ukidhani sijui. Mama yako aliniambia zamani, nikanyamaza. Kwa hiyo usidhani nasema haya kwa kuwa u msichana. Kaka yako Magesa ningemkatalia mapema zaidi, maana yule subira hana. Wewe unaogelea kuliko wote humu ndani, na wanaoogelea vizuri ndio tunaowazika. Asiyejua kuogelea hukaa ufukweni akarusha dumu.

Na dumu usilidharau. La lita 20, tupu, kifuniko kimekazwa, linamshikilia mtu mzima mpaka mtumbwi ufike. Rusha dumu, nyoosha kasia, rusha kamba, sogeza mtumbwi. Mwili wako ndio uwe wa mwisho. Anayezama hapigi kelele, wewe umeona. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko sawasawa na maji, mikono inakandamiza maji pembeni, hana hata pumzi ya kuita. Ukimwendea kwa mbele atakukumbatia, na hakuna kumbatio baya kama hilo. Mwendee kwa nyuma. Akikuwahi, usipigane naye kupanda, shuka chini, atakuachia mwenyewe kwa kuwa yeye anatafuta juu. Haya wamekwishawafundisha na michoro, lakini nimeona niyaandike ili nijue nimeyasema.

Uzamiaji wenyewe siujui, nikiri. Sisi tunazama kwa pumzi ya kifua, kwenda kunasua wavu uliokamata jiweni na kurudi. Nilikwenda kumuuliza mwalimu wa fizikia pale sekondari. Akanichorea. Anasema kila mita 10 unazoshuka, maji yanakugandamiza kwa uzito mwingine sawa na hewa yote iliyo juu yetu mpaka mbinguni. Mtu akipumua hewa ya mtungi huko chini, kisha akapanda amebana pumzi, ile hewa inatanuka, mapafu yanaweza kupasuka. Na ukikaa chini sana unatakiwa kupanda polepole, pengine usimame njiani usubiri. Nikamuuliza, mwalimu, mtu anawezaje kusimama njiani asubiri wakati huko juu wanamzomea na chini amemwacha mtu? Akasema ndiyo maana kuna mtu wa juu mwenye saa na kamba.

Umeona? Hata mwalimu.

Na ziwa letu si zile picha za Mafia na Zanzibar ambako mzamiaji anaona samaki wa rangi. Hapa ukishuka mita chache ni kijani, kisha ni kahawia, kisha ni usiku. Mkono wako huuoni. Kuna magugu maji, kuna nyavu zilizotelekezwa, zile nyavu za makila za nailoni usizoziona mpaka zimekushika. Chini ya hapo kamba ndiyo macho yako. Mkubaliane mivuto mkiwa bado nchi kavu, mmoja ni nini, miwili ni nini, mitatu ni nini, na mjaribu mkiwa hamna haraka. Mafuru na mimi tulikuwa na miwili tu: vuta, na acha. Siku ile tulitamani tungekuwa na zaidi.

Kuna jingine ambalo watu wa umri wako mnalisikia kama hadithi. Ile meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba na Kemondo kuja Mwanza. Mimi nilikuwa kijana nabeba mizigo Mwanza mjini. Ilipinduka ikabaki inaelea, tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai, waliokuwa nje wakisikia wanagonga. Wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imebaki humo ikatoka kwa lile tundu, na kumbe ndiyo iliyokuwa inaishikilia meli isizame. Ikaenda chini na waliokuwa wanagonga. Tulizika Igoma, mpaka leo nikiwa Mwanza siwezi kupita ile barabara nikipiga stori. Waliotoboa hawakuwa watu wabaya. Walisikia kugonga, wakashindwa kuvumilia.

Halafu linganisha na fundi wa MV Nyerere. Yeye alikuwa amejifungia kwenye chumba kilichobaki na hewa. Kivuko kimepinduka Alhamisi, wazamiaji wamemtoa Jumamosi, mzima. Wangekuja na pupa ya kutoboa sijui ingekuwaje. Walikwenda kwa mlango.

Sasa nikueleze ya nyumbani, maana karatasi bado ipo.

Yule ng'ombe mwekundu amezaa. Alianza jioni, miguu ya mbele ya ndama ikatoka, ikasimama hapo. Magesa akaja na nguvu zake akataka ashike avute tu. Nikamwambia toka. Tukafunga kamba laini juu ya vifundo vya miguu, kila mguu peke yake, nikaingiza mkono na mafuta ya kula nikahakikisha kichwa kimelala juu ya magoti, hakikugeuka. Kisha ni kumsubiri mama yake. Akisukuma, unavuta, mguu huu kidogo, kisha ule kidogo, mabega yapite kwa zamu, na unavuta kuelekea chini, si kwako. Akipumzika, unapumzika, hata kama unaona ulimi wa ndama umekuwa wa bluu. Magesa alikuwa analia, mtu mzima yule. Tumemtoa yuko hai. Dume, bahati mbaya, lakini yuko hai, na mama yake anamlamba mpaka sasa. Majani ya kumlishia ndiyo shida, mama yako anayafuata mbali na goti lake lile. Samadi ya zizi lote nimeshaipeleka shamba la mtama.

Bati mbili za jikoni zilichukuliwa na upepo. Nimezirudisha kwa mawe kwa sasa.

Utauliza maboya ya kuvaa niliyoyanunua baada ya ile ajali ya kivuko. Yapo. Mama yako anasema kuku wawili wanataga juu ya lile la rangi ya machungwa na hataki wasumbuliwe. Usinijibu kuhusu hilo. Vijana wa mtumbwini wanasema yanawabana mikono wakivuta wavu, na mimi nikiwa nahodha nayavaa nikikumbuka. Sasa nitayatoa, kuku watafutiwe kikapu.

Hapa kijijini wameanza kuniita baba afande. Nikipita pale kwa mafundi baiskeli wananisimamia na kunipigia saluti. Nawaambia waache upuuzi. Lakini njia sijabadilisha. Mwalimu wako mkuu wa zamani amebandika ile picha yako ya kofia ofisini, watoto wa kike wanapelekwa kuiangalia, na watatu wameshamwambia wanataka kuwa Zimamoto. Mmoja nilimkuta anafundisha mdogo wake namba 114 ya kuwaita Zimamoto kwa wimbo. Nilisimama nikasikiliza mpaka mwisho, kisha nikamkumbusha kwamba mtandao hapa unapatikana ukipanda kwenye mwamba tu.

Chakula chenu sijui kikoje, lakini nimekuona kwenye picha umekonda shingo. Kula. Kushuka majini ukiwa na njaa, au umekula ukashiba, vyote vibaya. Na ukiwa na mafua mwambie mkuu wako, usione haya, masikio yaliyoziba yanapasuka chini. Hilo hata sisi wa pumzi ya kifua tunalijua.

Kuhusu yule kijana wa Tabora. Umemtaja mara ya kwanza habari za mbio, mara ya pili habari za buti, kwamba ndiye aliyekuazima. Sijasema neno. Tabora hakuna ziwa. Kama ni rafiki tu, sawa. Kama ni zaidi, ana wazazi na sisi tupo, taratibu zinajulikana. Lakini kama ndiye unayetaka kuniambia kwamba atashika kamba yako, basi mambo yamebadilika, huyo nataka nimwone. Mje naye likizo ya Desemba. Nitakwenda naye majini na Mafuru usiku wa giza, na wewe nitakufunga kwanza kamba ya Mafuru, ya kwake iwe ya pili. Akisinzia nitakuambia, na akiongea sana nitakuambia pia. Mtu wa kamba asiwe muongeaji.

Na wewe ukiwa zamu ya juu, ukimshikia mwenzako, hivyo hivyo. Usitoke hata ukiitwa na mkubwa mwenye nyota. Umshike mpaka miguu yake ikanyage chini pakavu, ndipo uitike.

Sijasema usiende. Isome tena barua uone kama nimesema. Mama yako nitamweleza baada ya kupata majibu yako, nikiwa na jina la kumpa. Nikienda mikono mitupu ataniuliza swali lile lile na sitakuwa na la kumjibu.

Dagaa nimefunga kwenye ndoo ndogo, wamekaushwa kwenye chanja, hawana mchanga, anakuja nao kijana wa Bugolora anayekwenda Tanga na basi. Chini ya dagaa kuna kamba, mita 30, mpya, nimeipitisha mkononi yote. Wakikukataza kuitumia kazini, ifungie sanduku lako.

Na pesa usitume tena kwa namba ya Magesa. Ile ya mwezi uliopita ilifika pungufu, na yeye ana viatu vipya anavyosema ameviokota kwa bei ya chini. Tuma kwa namba ya Mafuru, jina litakalotokea ni la mke wake, usishtuke.

Ni mimi baba yako.